Nyama ya Njiwa wa Mgeni

Uvumi ulianzia kilabuni Kinyala, ukafika nyumbani kwa Elina na kukataa kutoka: yule mgeni wa vipepeo anachuna watu ngozi. Enzi zile kila kitu kilikuwa ruksa. Watu walikuja kununua mbao, hata vinyonga. Lakini mtu mzima kukimbiza vipepeo? Na Prisca, binti yake Elina, ndiye aliyekuwa akimpikia huko kambini, ukingoni mwa msitu.

Elina akajitwika mkungu wa ndizi kama anayepeleka kuuza, akaenda kuchungulia.

Akakuta ndizi zilizooza zimetundikwa mtini ndani ya chandarua, zimemwagiwa pombe, vipepeo wakizinyonya mpaka wanalewa. Mgeni, Dokta Hosea, mtu wa chuo kutoka Dar es Salaam, alikuwa mezani na njiwa wa msituni. Akampasua, akamvua ngozi na manyoya yake kama mtu avuavyo soksi, akaipaka unga mweupe kwa ndani, akaijaza pamba.

"Kumbe unachuna ndege," Elina akasema, akitua mkungu.

"Wa makumbusho, mama. Ulidhani nachuna nini?"

Jicho la Elina lilikuwa kwenye nyama nono iliyorundikwa kando ya kopo la ule unga.

"Na hiyo?"

"Tunafukia. Hailiwi, imeingia dawa."

Prisca akamsindikiza mama yake.

"Gwe mwanangu, nani hufukia nyama? Ukigeuka tu anaila."

"Mama, amesema ina dawa."

"Dawa ya choyo. Sisi mtu akichinja, jirani hakosi hata utumbo. Kesho akikupa ukafukie, nifungie kwenye jani la mgomba."

Kesho yake Prisca akaileta, akaichoma mekoni. Mama yake akiwa bado anamenya ndizi, yeye akaanza kuonja. Ndizi hazijaiva, binti kashika tumbo, anatapika, miguu imekufa ganzi.

Elina akapanda mbio kambini. "Umemroga mwanangu!"

Dokta Hosea akauliza moja tu: "Amekula njiwa?"

Elina akikubali, yeye ndiye mwizi. Akikataa, je?

"Mama, sema. Hospitali wasipojua alichokula, watatibu malaria."

"Amekula. Nilimtuma mimi."

Dokta Hosea akawasha gari, wakamchukua Prisca mpaka Tukuyu, kopo la unga likiwa mapajani mwa Elina ili daktari alione. Prisca alipona, ila alitembea kwa fimbo mpaka mavuno ya mahindi.

Akina mama wenye watoto wanaofanya kazi kwa wageni, shikeni haya:

Msile nyama mliyoambiwa ifukiwe.

Msiguse kitu kilichokaa karibu na dawa ya kuhifadhia ngozi, hata kikioshwa, hata kikichomwa.

Makopo yao matupu msiwekee chumvi.

Mtoto asitumwe kuchukua alichokatazwa.

Daktari akiuliza mgonjwa amekula nini, msimfiche.