Jenerali Tuliyempigia Kura

Nchi nyingine huenda vitani kwa sababu ya mafuta au mipaka. Sisi tulienda vitani kwa sababu ya mahindi, na adui alikuwa nyani.

Shule yetu ya bweni iko nje kidogo ya Mikumi, upande unaotazama milima ya Vidunda. Nyuma ya bwalo kuna shamba la shule, na nyuma ya shamba kuna pori. Mwaka jana nyani walivuna kabla yetu, na muhula mzima tulikunywa uji mwepesi ambao ungeweza kujitazama ndani yake ukajionea huruma. Kwa hiyo uchaguzi wa kiranja mkuu ulipofika, taifa lilikuwa na njaa, na taifa lenye njaa halisikilizi sera ndefu.

Tumwagile ndiye aliyeanza kupanda jukwaani, na kwa bahati mbaya alikuwa na wazo. Bondeni, chini ya shamba letu, kuna shamba la Bibi Katarina, ambaye mjukuu wake Happyness tunasoma naye darasa moja.

"Nyani ni walewale," alisema Tumwagile. "Tukiwafukuza huku, watashuka kule. Tulinde bonde lote kwa zamu, sisi pamoja na majirani."

"Hata Jumamosi ya mpira?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hata Jumamosi."

Hapo kura za wavulana zikafa kifo cha ghafla, hata maziko hayakuhitajika.

Kisha akapanda Melkizedek na debe tupu. Akalipiga kwa rungu mpaka walimu wakaziba masikio. "Ndugu zangu, nyani wanamwogopa nani?" Kila mtu wa huku anajua kwamba nyani hawamkimbii msichana. Tukamgeukia Tumwagile, tukacheka. "Nipeni madebe," akasema Melkizedek, "nami nitawapa ugali."

Mimi, Jastin, ambaye Mungu alininyima busara akanizidishia sauti, nikapaza: "Jeneraliii!" Ulikuwa utani. Shule nzima ikaitikia. Melkizedek hakucheka. Alipiga saluti.

Aliyeshangilia kuliko wote alikuwa Happyness. Nikamwuliza kwa nini hampigii Tumwagile, aliyekuwa akimtetea bibi yake.

"Maneno yake mazuri," akasema, "lakini nyani hawasomi ratiba ya zamu. Huyu ataumaliza ugomvi."

Alikuwa na sababu ya kutaka uishe. Shule inaruhusu mzazi asiye na fedha kulipia bweni kwa mahindi. Kila baada ya mavuno Bibi Katarina huleta magunia mawili, na magunia hayo ndiyo kitanda cha Happyness, chakula chake na taa anayosomea. Melkizedek aliposhinda na vita vikatangazwa, Happyness alikwenda kuazima hata debe la bibi yake, lile analopimia mahindi, akalileta mstari wa mbele.

"Bibi atapimia nini?" nikamwuliza.

"Akianza kuvuna nitakuwa nimeshalirudisha."

Sitawachosha na historia ya kijeshi. Kila siku baada ya vipindi tulijipanga kando ya pori, tukapiga madebe, tukarusha mawe, tukaimba wimbo nilioutunga mwenyewe, ambao ubeti wake wa pili mwalimu wa dini aliufuta. Nyani walikimbia. Ni lazima niseme ukweli: Jenerali alishinda. Mahindi yalikomaa, tukaanza kuvuna yaliyotangulia kukauka, ugali ukapanda sahani kama kichuguu.

Jumapili moja Happyness alirudi kutoka kwa bibi yake.

"Wako kule," akasema.

"Akina nani?"

"Nyani wote. Wamehamia kwa Bibi. Wanakula huku wanasikiliza madebe yetu kama watu wanaosikiliza redio."

Tukamwendea Melkizedek, mimi, Happyness na Tumwagile. Wakati huo alikuwa amejipatia meza, na wapambe wawili wa kusimama kando ya meza.

"Jenerali," nikasema, "jeshi lishuke bondeni. Hata siku chache tu, mahindi ya Bibi yakauke."

"Ulinzi wetu unaishia kwenye mpaka wa shule."

"Bila magunia yale mimi sina bweni," akasema Happyness. "Nimekupigia kura, Melki. Nimekupigia na debe."

"Na ugali hujala?" Melkizedek akamtazama kama askari wa zamu anavyomtazama raia. "Nikitoa watu hapa, nyani watarudi, na mtakuja kunilaumu hapahapa. Atakayeondoka kwenye lindo atang'oa visiki."

Tumwagile hakusema "niliwaambia." Ingekuwa nafuu kama angesema.

Tukaenda kwa Mwalimu Cosmas, msimamizi wa uchaguzi. Nikamwuliza kama kura inaweza kurudiwa.

"Kura si chapati, Jastin, uigeuze ukiona inaungua. Muda wake ni mwaka mmoja. Na shamba la shule halijawahi kustawi hivi."

Basi tukatoroka lindo, tukashuka wenyewe. Bibi Katarina alikuwa katikati ya shamba, anapunga kanga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, wajukuu. Poleni na vita." Alisema bila dhihaka, jambo lililoniumiza zaidi. "Nasikia mna jenerali. Hamwezi kuniazima, hata wiki moja?"

Tukawageukia nyani. Tulipiga makofi, tukapiga kelele. Nikaimba wimbo wangu wa vita. Dume moja, limekaa juu ya kisiki na hindi bichi mkononi, likanitazama mpaka mwisho wa ubeti, kisha likaendelea kutafuna. Tulirudi kila tulipoweza, na visiki tuliving'oa. Lakini watatu si jeshi.

Siku ya kupokea mahindi ya wazazi, Bibi Katarina alikuja na kifurushi alichokibeba kichwani bila msaada. Happyness akamletea debe lake. Vita vilikuwa vimelibonyeza tumbo mpaka likawa kama mtu aliyepigwa ngumi.

Bibi akaligeuza huku na huku. "Debe mmerudisha," akasema taratibu, "mahindi je?"

Mtunza stoo akakataa kupimia debe hilo, maana lilikuwa halijai tena sawasawa. Wala hapakuwa na cha kupima.

Ikaamuliwa Happyness aende kwa shangazi yake Kilosa, asome shule ya kutwa. Jenerali hakuwepo kumuaga. Alikuwa paredi akitangaza kwamba ngiri wameonekana upande wa bwawa, na madebe yarudishwe stoo ya silaha kwa vita vipya. Nilisikia watu wakishangilia. Tumwagile alibeba tranka, mimi nikabeba godoro mpaka kituoni.

Kwa mara ya kwanza maishani nilikosa la kuchekesha. Nikasema tu, "Sote tulimpigia kura, Happy."

"Ndiyo." Akapanda basi la Kilosa, akakaa dirishani, godoro likasukumwa juu. "Ila nyie mlipata ugali."

Basi likaondoka. Tulirudi shuleni. Bwaloni nikakuta sahani yangu imewekwa, imejaa.