Kadi Nyekundu Yaomba Radhi

Kama kuna mtu anadhani niliondoka gazetini kwa heshima, aondoe wazo hilo kichwani. Niliondoka na kikombe changu cha chai na viatu vyangu vya mvua, na mlango niliubamiza mpaka katibu muhtasi akashika kifua. Sikupewa mkono wa kwaheri, nami sikuuomba.

Chanzo ni safu yangu. Kila Jumatatu, ukurasa wa nyuma, "Kadi Nyekundu", na juu yake katuni ya uso wangu, mkono juu, kadi mkononi. Safari hii nilimrukia mwenyekiti wa klabu kubwa. Niliandika kwamba timu yake haifungwi na wapinzani, inafungwa na yeye mwenyewe, maana anasajili wachezaji kwa kuangalia nani ni shemeji yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti hakucheka, na matangazo ya kampuni yake ndiyo yaliyokuwa yanaliweka gazeti letu mjini.

Mhariri akaniita. Huyu ni mtu tuliyeanza naye kazi siku moja, tukila sahani moja, na watoto wake wananiita baba mkubwa. Akafunga mlango, akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ndiye uti wa mgongo wa gazeti, wasomaji wananipenda kufa, ila mkubwa amekasirika, kwa hiyo tuombe radhi kidogo tu, aya tatu, yaishe.

"Mimi sili matapishi yangu," nikamwambia.

"Basi kazi huna."

Alisema hivyo bila hata kuniangalia, akijitia kupanga kalamu zake mezani. Miaka yote ile ya urafiki, halafu mtu anapanga kalamu! Ndipo nikachukua kikombe changu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa muuza magazeti wa mtaani kwetu nione nafasi yangu wamemtupia nani. Lo! Kadi Nyekundu ilikuwepo. Uso wangu upo, mkono upo juu. Na chini yake aya tatu za kumwomba radhi mwenyekiti, eti nilipotoka, eti hasira zilinitawala, eti yeye ni mlezi wa soka letu. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba nimeondoka. Uandishi ule niliujua, maana kwa miaka nimekuwa nikimnyooshea mhariri sentensi zake zilizopinda. Alikuwa ameuvaa uso wangu, akapiga nao magoti mbele ya mji mzima.

"Naona siku hizi umehamia kadi ya njano," muuza magazeti akanitania.  

Nikampigia mtangazaji wa kipindi cha michezo redioni, nikamwambia nina bomu la kulilipua hewani. Akafurahi kama aliyeokota dhahabu, akasema atanipigia saa kumi, moja kwa moja. Sawa. Nilitaka kumvua mhariri nguo hadharani, kila mwenye masikio asikie kwamba radhi ile si yangu na kwamba gazeti lile si langu tena. Kuingojea saa kumi nikapitia kwa baba, kwani nyumbani mke wangu angenituliza, na mimi sikutaka kutulizwa.

Baba ni refa mstaafu. Sebuleni kwake kuna ukuta mmoja wenye filimbi iliyoning'inia kwenye msumari na picha zake akiwa na kaptura nyeusi. Safu zangu hajawahi kuzitundika. Siku ile ya kwanza alipoliona jina la safu alisema kadi ni kitu cha refa, si fimbo ya kuchapia watu, na tangu hapo mazungumzo yetu ni mvua na dawa zake za presha.

Siku hiyo nikakuta ukurasa wangu umebandikwa ukutani, chini kabisa ya filimbi.

Akanikalisha. Akanisimulia mechi moja ya zamani, ya mwisho wa ligi, ambayo hajawahi kunigusia, jinsi alivyotoa penalti isiyokuwa penalti, akajua kosa lake kabla mpira haujapigwa, akanyamaza. Timu ikateremka daraja kwa ajili ya ile filimbi.

"Nimeshindwa kuomba radhi mpaka nimezeeka," akasema. "Wewe umeweza. Leo nimejivunia kukuzaa, mwanangu."

Haki ya Mungu, nilitaka kumwambia. Nilishafungua mdomo. Simu ikalia.

Redio ya baba haizimwi. Alipomsikia mtangazaji akilitaja jina langu, akaongeza sauti, akanihimiza kwa mkono nipokee, uso umemchanua kama mtoto. Nikasogea dirishani sauti zisigongane.

"Kadi Nyekundu, mji mzima unauliza. Ile radhi uliiandika wewe?"

Nikamwangalia baba. Sikio liko redioni, kiganja kimelala juu ya ule ukurasa ukutani.

"Niliiandika mimi," nikasema.

Mtangazaji akapigwa na butwaa, akaniuliza tena polepole, akinipa nafasi ya kujiokoa. Nikamwambia kila neno ni langu na mwenyekiti anisamehe. Mate yalikuwa machungu kama shubiri.

Simu ilipokatika, ujumbe wa mhariri ulikuwa umeshaingia: "Nilijua utaelewa, ndugu yangu." Nikaufuta, lakini kuufuta kunasaidia nini? Jina langu nilikuwa nimemkabidhi mwenyewe, mbele ya masikio ya watu wote, na sasa ataandika kwa uso wangu mpaka achoke. Nilimchukia. Nilijichukia na mimi.

Baba akapunguza sauti ya redio, akavuta kiti chake mpaka kikagusa changu. Akaniuliza Jumatatu ijayo nitaandika kuhusu nini.