Gigahezi Tano, Bidoni Arobaini

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Marcelline alitoa kitambaa cha meza, akailaza kompyuta yake ubavu mahali pa sahani, akaanza kuifungia mirija ya maji ya kuipoza. Mashine hiyo aliiunda mwenyewe kwa miaka miwili, kipande kwa kipande, kutoka vibanda vya soko la Birere, mjini Goma. Kadi ya picha aliipata kwa Dieudonné, muuzaji wa vipuri vya kompyuta vilivyokwisha kutumika. Pampu ilikuwa ya tangi la samaki wa mapambo. Redieta ilitoka kwenye Toyota iliyopinduka, naye aliisuuza kwa siki siku tatu mpaka kutu ikaisha. Ndani alimimina lita moja ya maji safi ya kuongezea betri, kwa kuwa maji ya ziwa yangeziba mirija kabla ya mwezi kwisha.

Alikuwa karani wa shule ya msingi, mwenye miaka thelathini na mmoja, na mashine aliitaka kwa jambo moja tu. Kaka yake Gauthier aliishi Butembo, walikozaliwa. Barabara ya kwenda huko, ile inayopita Kalengera, ilikuwa imefungwa mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo kila Jumapili, siku ya Mungu, saa kumi alasiri walikutana kwenye mchezo wa mbio za magari. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ikikwamakwama, na Gauthier alilazimika kusimamisha gari kwenye kona ya kwanza na kumngoja. Marcelline alichoka kungojwa.

Prosesa ilitoka kiwandani na mwendo wa gigahezi nne. Akaisukuma hadi nne na nusu, joto likabaki nyuzi hamsini. Ilipofika tano, maji katika chombo cha kioo kilichounganishwa na pampu yakaanza kupanda. Alichora mstari kwa kalamu, akapangusa viungo vyote kwa karatasi ya chooni. Karatasi ikabaki kavu. Maji yakapita mstari, yakafika mdomoni mwa chombo, yakaanza kumwagika juu ya meza. Akaweka beseni, kisha akaandika katika daftari: tano, maji yanaongezeka. Aliporudisha mwendo nyuma, yakasimama. Akajaribu michezo. Magari yalitoa kikombe kwa dakika kumi. Mchezo wa vita, wenye moshi na majumba yanayoporomoka, ulijaza beseni.

Mama Emerance, jirani wa nyuma, alisikia maji yakidondoka kupitia ukuta wa mbao.

"Marcelline, robine imerudi?"

"Hapana, mama. Ni mashine."

Mama Emerance akaingia, akachovya kidole, akaonja. "Haina chumvi," alisema, akaenda kuchukua bidoni, dumu lake la maji.

Robine za mtaa, mifereji ya maji ya wote, zilikuwa kwenye kona: tatu, juu ya msingi wa saruji, zilizofunguliwa kwa utepe na hotuba miaka minne nyuma. Zilitoa maji kwa siku tisa. Tangu hapo watu walishuka Kituku kuchota ziwani, kati ya mitumbwi na magamba ya samaki, na kupanda nayo mgongoni juu ya mawe ya volkano. Mwezi ule watu kumi na mmoja wa mtaa walipelekwa kwenye mahema ya kipindupindu. Mmoja wao alikuwa Ushindi, binti wa mama Emerance, aliyerudi akiwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Maji ya kwanza ya mashine aliyanywa yeye, yamechanganywa na chumvi na sukari, naye akalala usingizi wa kawaida.

Kufikia Jumatano foleni ilitoka mlangoni ikazunguka choo. Wanawake walijifunza upesi. Walijua kwamba mchezo wa mpira haufai, kwamba mvua ndani ya mchezo inasaidia kidogo, na kwamba moto ndio wenyewe. Mwenye sikio kali kuliko wote alikuwa Nyiransabimana, bibi wa miaka sitini na minane aliyekuja Goma kutoka Masisi na ng'ombe wawili, akabaki bila hata mmoja. Aliketi karibu na redieta akifuma kofia ya sufi kwa mikono yake miwili, na feni ikipunguza sauti alisema bila kuinua macho, "Ongeza adui."

Kwa sababu Marcelline alienda kazini kila asubuhi, alimwachia Nyiransabimana kipanya. Siku ya kwanza bibi alipigwa risasi mara thelathini. Siku ya nne hakupigwa hata moja.

Siku ya Mungu ikafika. Saa kumi kasoro dakika tano, kulikuwa na bidoni ishirini na mbili kwenye foleni. Marcelline alitazama saa, akampigia kaka yake.

"Leo siji," alisema.

"Mashine imekufa?"

"Hapana. Inatoa maji. Watu wamepanga foleni."

"Inatoa ngapi?"

"Bidoni nne kwa saa, kama nikiweka vita. Nikiweka magari, hata nusu haifiki."

"Basi acha magari. Mama angekuwa hai, angekuchapa kwa kuwaza mara mbili."

Marcelline akaweka vita. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ile nyingine. Gauthier alimwambia kwa simu kwamba bado anaingia saa kumi, anazunguka mara moja peke yake, halafu anasimamisha gari kwenye kona ya kwanza. Si kwamba anamngoja, alisema. Ni mazoea tu. Marcelline alipokata simu alikaa jikoni muda, mikono ndani ya beseni la vyombo, na maji yalikuwa baridi na safi kabisa.

Dieudonné alipanda kutoka Birere kuja kuiona. Alisoma namba kwenye kioo cha kompyuta, akagusa bomba la redieta, akapiga ulimi.

"Yaya, dada yangu, hii prosesa haitafika Noeli. Umeisukuma sana."

"Nikiipunguza?"

"Itaishi myaka kumi."

Marcelline alitazama nje. Wiki ile hakuna mtu wa mtaa aliyepelekwa kwenye mahema. Dieudonné alipoondoka, aliipandisha hadi tano na robo, na mashine ikaanza kutoa bidoni arobaini kwa siku.

Mwezi wa pili wa maji ya mashine ulipoanza, afisa wa maji aitwaye Rémy alikuja na fulana ya kung'aa na fomu kwenye ubao. Aliomba kiti, akaomba glasi, akanywa yote. Aliuliza maji yana rangi gani, yanatoka saa ngapi, nani anayachunga. Nyiransabimana alijibu yote pasipo kuacha kupigana.

"Na robine zetu za kona?" Marcelline aliuliza. "Mulituambia mutaleta mabomba mapya."

"Hiyo ilikuwa kwa wenye kukosa maji."

"Ndiyo sisi."

Rémy alimgeuzia ubao aone. "Hapa kuna mistari mbili tu, mama. Wenye kupata, na wenye kukosa. Mimi siwezi kuwaandika wenye kukosa wakati nimeshika glasi mukononi."

"Hii ni kompyuta yangu. Itakufa mbele ya Noeli."

"Ikikufa, mutuandikie barua." Akaweka alama kwenye mstari wa juu, akashukuru, akaenda.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, lori lilisimama kwenye kona. Wanaume wanne walivunja msingi wa saruji kwa nyundo, wakafungua robine tatu, wakazilaza ndani ya lori pamoja na kipande cha bomba kilichokuwa chini yake. Walisema zinakwenda mtaa mwingine, mahali pasipo na maji. Wanawake waliwatazama wakiwa kwenye foleni. Mama Emerance aliuliza kama bomba la huko limefika. Walisema bado.

Kazi ilipokwisha, mmoja wao, Ferdinand, mwenye spana kubwa kiunoni, alitoa bidoni ya njano chini ya kiti cha lori. Akaileta mpaka mlangoni kwa Marcelline.

"Mama, nasikia hapa kuna maji. Kwetu ni kavu tangu Pasaka."

Marcelline alimtazama mikono, iliyojaa vumbi la saruji ya kona yao. Alitaka kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa tayari. Akaitazama bidoni.

"Panga nyuma ya huyo wa kitenge," akasema.

Ferdinand akapanga. Zamu yake ilipofika, aliinama kwenye kioo, mikono magotini, akatazama mji unaowaka na Nyiransabimana akiuzunguka polepole. Adui mmoja tu alikuwa amebaki, amejificha nyuma ya ukuta, kofia yake ikionekana wazi.

"Huyo hapo, bibi! Mupige, umalize!"

"Muache," alisema Nyiransabimana. "Huyo akikufa, vita inaisha. Na bidoni yako haijajaa."

Ferdinand akaangalia bidoni. Ilikuwa imefika nusu. Akavuta kigoda, akakaa.