Kifundo Kisichovimba

Msimamizi wa ghala alizungusha futi kamba kwenye kifundo changu cha kulia, kisha cha kushoto. Sentimita ishirini na sita, vyote viwili.

"Huna uvimbe, mzee. Kesho unapanda ngazi. Weka saini hapa kwamba umepona."

Ilikuwa siku ya tano tangu unyayo uliponasa kati ya mbao za kupangia mizigo, mwili ukageuka, unyayo ukabaki palepale. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima. Lakini kila nikikanyaga, moto uliwaka juu ya kifundo, mahali ambapo hata mimi sikuona kitu. Nilianza kujishuku. Labda ni uvivu tu.

Tena sikuwa na wa kumlaumu. Mimi sisahau. Wakubwa wa ghala walipokuwa wakitupandisha ngazi na vifundo kama maboga, ni mimi niliyeongoza mgomo siku kumi na moja hadi wakakubali: kifundo kimoja kikizidi kingine kwa sentimita moja, mtu apumzike. Sentensi ile niliiandika kwa mkono wangu. Ipo ukutani mpaka leo.

"Kanuni yako hiyo," alisema msimamizi. "Au uliwatungia wengine?"

Nesi wa ghala, aliyekuwa akitusikiliza, alichuchumaa mbele yangu. Hakugusa kifundo. Alishika mguu katikati ya muundi, akaibana mifupa miwili pamoja. Maumivu yakaruka chini, nikamkamata bega.

"Nimebana huku, unaumia kule?"

"Ndicho kinachonichanganya, mwanangu."

"Kano zinazoifunga mifupa hii miwili ndizo zilizoteguka, mzee. Mara nyingi hazivimbi sana. Ukibeba mzigo, mifupa inaweza kuachana. Upigwe picha nyingine umesimama, na upumzike wiki kadhaa."

"Kanuni inasema kupima," alisema msimamizi. "Haisemi kuminya."

Kweli haisemi. Niliitafuta hasira yangu, nikaipata, sikujua pa kuielekeza. Nikiikataa kanuni, kesho naye ataikataa kwa mwenye kifundo kama boga, aseme mwenyewe aliyeiandika kaikanyaga. Nikiikubali, mguu ndio umekwenda.

"Kalamu," nilisema.

Akanipa haraka, akifurahi. Nikachechemea hadi ukutani, nikaongeza chini ya sentensi yangu: *au akibanwa muundi akaumia.*

"Hilo nani kalikubali?"

"Bado hakuna."

Karatasi yake niliiacha mezani bila saini. Nikaketi, mguu juu ya kiti, nisijue kama kanuni nimeitetea au nimeibomoa.