Siku Tuliyokwenda Mikumi

Mwaka baba alipofariki, mimi na kaka yangu Fidelis tulikubaliana kwamba watoto lazima waione mbuga ya Mikumi kama sisi tulivyoiona. Tulikubaliana harakaharaka, kama watu wanavyokubaliana msibani, kisha ikapita miaka miwili bila mtu kufanya lolote.

Mwezi wa tano mwaka jana, binti yangu Laurensia alirudi kutoka shule akaniuliza kama ni kweli twiga ana ulimi mweusi. Nikamwambia ni kweli, nimeuona kwa macho yangu, Mikumi, siku babu yake alipotupeleka.

“Sasa mbona sisi hatujaenda?”

Jumamosi iliyofuata nikamchukua yeye na mdogo wake Pius, tukaenda kwa mama, Kihonda, kupanga safari.

Mama alikuwa barazani anamenya magimbi. Fidelis, ambaye ni mwalimu wa jiografia, alikuwa ameshafika na alikuwa na daftari mkononi. Kwa Fidelis hata kwenda kuchota maji kunahitaji daftari.

“Mwezi wa saba,” alisema kabla sijakaa. “Nyasi zimekauka, wanyama wanasogea kwenye maji. Tunatumia gari langu, ile Noah. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, asiyekuwa tayari anabaki.”

“Pius anatapika kwenye gari,” Laurensia alisema.

“Sitapiki!”

“Ulitapika tulipokwenda Kilosa.”

“Ile ilikuwa soda!”

“Pius anakaa mbele na ndimu,” Fidelis aliandika. “Chapati, mayai ya kuchemsha, maji, kofia. Darubini nitaazima shuleni.”

Tukaanza kuwasimulia watoto. Tulikuwa tumeisimulia safari ile mara nyingi mno, kila mtu alikuwa na sehemu yake. Ilikuwa mwaka tisini na moja, wiki moja baada ya Pasaka. Fidelis alikuwa darasa la tatu, mimi la kwanza. Baba alikuwa fundi cherehani sokoni, na Padre Anselmi, aliyekuwa anashonewa kanzu na baba, alimwazima Land Rover ya misheni kwa siku moja. Baba alitushonea mashati ya kaki yenye mifuko minne, kama ya askari wa wanyama. Lake, la mama, la Fidelis na langu. Mimi nililala na langu siku tatu kabla ya safari, mama akalipiga pasi upya asubuhi ya kuondoka.

“Tulipofika getini,” Fidelis alisema, “babu yenu alishuka, aliporudi akatuambia kuna sheria. Watoto wote wanalala chini na kufumba macho mpaka gari lipite. Ukichungulia, unarudishwa nyumbani.”

Naikumbuka sakafu ile ya bati na gunia tulilolalia. Uso wangu ulikuwa mgongoni kwa Fidelis, shati lake linanuka kitambaa kipya. Mvua ilikuwa inapiga turubai. Nilimsikia baba akizungumza na mtu kwa muda mrefu, kisha gari likarudi nyuma, likageuka, likaondoka. Halafu sauti yake: “Fumbueni! Tumeingia!” Na tembo walikuwepo, pale pale, upande wa kushoto, wanakula majani yaliyolowa kana kwamba walikuwa wanatusubiri sisi.

“Na simba akapanda juu ya boneti,” Fidelis alisema.

“Hakupanda,” nilisema.

“Mjomba, unaongopa,” Pius akamwambia.

“Alitaka kupanda. Nilimwona anafikiria.”

Laurensia alikuwa ameinamia simu yangu, anatazama ramani. “Na bwawa la viboko mlifika?”

“Tulifika sana,” Fidelis alisema. “Tulikaa pale karibu nusu saa.”

“Mliwaona wangapi?”

“Hawakutoka. Babu yako alisema wamezama, wanasikiliza.”

Hapo nikaona mabega ya mama yanatikisika. Nilidhani analia, maana tangu baba aondoke alikuwa hivyo, katikati ya maneno machozi yanamtoka. Lakini mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka, kilemba kikamtoka kichwani.

“Bwawa!” alisema. “Lile dimbwi la kando ya lami! Viboko gani, vyura hata watatu wasingetosha!”

“Lami gani, mama?” niliuliza.

Akafuta macho kwa pembe ya khanga. “Ya barabara ya Iringa, mwanangu. Hamkuingia hifadhini. Getini walituambia njia za ndani zimejaa maji, hapiti mtu. Baba yenu akageuza gari, akarudi barabara kuu. Si inapita katikati ya mbuga? Akaenda mpaka mwisho wa mbuga, akageuza. Akarudi, akageuza. Mara nne! Nikamwambia, Damiani, mafuta ya Padre yanaisha. Akasema, acha kwanza wamwone twiga.”

Akilini nikayaona tena mabasi. Maana yalikuwepo, miaka yote yalikuwepo kwenye kumbukumbu yangu, mabasi makubwa yakitupita na kuturushia maji, na sikuwahi kujiuliza.

“Mimi nilidhani yamebeba watalii,” nilisema.

“Na malori ya mafuta?” Fidelis aliuliza polepole, kama anayejiuliza mwenyewe.

“Ya kuwapelekea simba,” Pius alisema. Sasa watoto nao wakaanza kucheka.

Fidelis hakucheka. Aliweka daftari chini, akaenda bombani nyuma ya nyumba. Tulisikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko mikono ya mtu inavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

“Mama, mimi nasimulia hii habari darasani. Kila mwaka. Kwa nini hakutuambia?”

“Ulikuwa umetangaza shule nzima, baba. Mwalimu wako alikuwa amekuomba ukirudi usimame mbele ya wenzako usimulie. Na yale mashati alikuwa ameyashona usiku, kazi za watu zimelala. Alipoambiwa pamefungwa, alirudi kwenye gari akanitazama. Sijawahi kumwona vile. Akaniambia, Prisca, siwezi kuwarudisha.” Mama aliokota kisu, akakifuta. “Alisema mvua zikikatika atawapeleka kweli. Halafu Padre akahamishwa, gari likaenda naye. Halafu mkakua. Alikuwa anasubiri mmoja wenu amuulize. Hamkuuliza.”

Nilifikiri nitajiona nimedanganywa. Nilichokiona badala yake ni baba, kijana kuliko nilivyo mimi sasa, amelowa mabega, ameshika usukani wa gari la watu, anatafuta twiga pande zote mbili za barabara huku akituambia kwa furaha kwamba hifadhi ni kubwa, tuwe na subira. Nilitamani nimwambie kitu.

Fidelis alichukua tena daftari. “Mama, na wewe? Uliwahi kuingia?”

“Niingie na nani? Si nilikuwa kwenye gari lile lile?”

Akafungua ukurasa mpya na kuandika jina la mama juu kabisa, kabla ya watoto.

Tulikwenda mwezi wa saba. Pius alitapika kabla hata hatujavuka kijiji cha Doma, ndimu ikiwa mdomoni. Getini mwanamke kijana aliyevaa sare alimvulia mama kofia, akamwamkia, “Shikamoo bibi, karibu sana,” na mama akajibu “Marahaba” kwa sauti ya kanisani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Tukaingia ndani. Nyati walipita, pundamilia walipita, yeye ameshika tu mkono wa kiti cha mbele.

Kwenye bwawa la viboko wanaruhusu watu kushuka. Tukamkalisha mama kwenye jiwe, mbali kidogo na maji. Viboko walikuwa nje ya maji nusu, wamelaliana kama magunia sokoni. Mmoja akapiga miayo, na mama akashika kifua.

“Jamani,” alisema. “Damiani angesema nini.”

Nikakaa karibu naye. Tulikaa hivyo mpaka Fidelis alipotangaza kwamba viboko ni kumi na saba.

“Kumi na tisa, mjomba,” Laurensia alisema.

“Umehesabu mawe.”

“Jiwe lina masikio?”

Pius alisema ni mia moja. Mama akanipa mkoba wake, akasimama, akakinga jua kwa kiganja.

“Nyamazeni nyote,” alisema, “mnanichanganya,” akaanza kuhesabu kutoka kushoto.