Misumari Katika Mstari Mmoja

Katika uwanja wetu wa kukarabati paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, hapa mjini Terre Haute, kila fundi ana rangi yake. Ukimaliza paleti unapiga brashi mara moja kwenye ncha ya boriti, ili ikirudi imevunjika ijulikane ni kazi ya nani. Rangi yangu ni nyekundu. Ya Doyle Hatcher, jirani yangu wa meza kwa miaka tisa, ni kijani. Zikirudi tatu ndani ya mwaka, unaacha meza, na kazi imekwisha.

Doyle alikuwa nazo mbili.

Jumatatu asubuhi Stan Wojcik, msimamizi wetu, alileta ya tatu kwa foklifti, gari la kuinulia mizigo, akaitua mbele yetu. Boriti ya kati ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye pengo la kupitishia uma za foklifti. Paleti ile ilipaswa kubeba ratili elfu mbili na mia tano. Ilikuwa imeshindwa na unga wa mahindi usiofika elfu mbili.

"Kijani," Stan alisema. "Doyle, hata mimi sipendi."

Doyle akavua glavu polepole. "Basi niache nimalize kahawa yangu. Opal atafurahi, kwa muda mrefu anataka nimpakie rangi baraza."

Alicheka peke yake. Sote tulijua kwamba bima ya kazini ndiyo iliyokuwa ikimtibu Opal, mkewe.

Nilipiga magoti nione. Ubao wa kuunga boriti ulikuwa na misumari saba, yote katika mstari mmoja. Doyle hapigi hivyo. Yeye huipishanisha, maana misumari ikifuatana kwenye mshipa mmoja wa mti hugeuka kabari na kuupasua. Ndipo nikakumbuka Alhamisi moja ya Machi, Doyle alipompeleka Opal hospitali. Nilimmalizia rundo lake, na kwa kuwa lilikuwa lake, nikatumia brashi yake. Nilidhani natenda wema.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nianze kazi ya ukaguzi. Kwa ajili hiyo nilisoma darasa la jioni majira mawili ya baridi, nikiwa na miaka hamsini na nne, nikijifunza hesabu za mizigo. Nikaomba. Kusema kweli, kwanza niliomba iwe kama sikuona. Kisha nikaomba miguu ya kusimama.

"Stan, hiyo ni yangu."

"Verlene, macho yangu bado mazima. Ni kijani."

"Rangi ni yake, misumari ni yangu. Angalia ilivyopangwa."

Stan akainama, akapitisha kidole msumari hadi msumari. Akashusha pumzi. "Unajua mkaguzi haanzi kazi akiwa na paleti iliyorudi. Utasubiri miezi sita."

"Najua."

Akachukua brashi yangu, akapaka nyekundu juu ya kijani, akarudi kwenye foklifti yake.

Doyle alivaa glavu tena.

"Miaka tisa uko ubavuni pangu," alisema, "na bado unapiga misumari kama mtu anayeshona pindo la gauni!"

"Basi nifundishe, badala ya kupiga domo."

Akavuta boriti iliyopasuka akailaza mezani kwangu, akaweka alama kwa penseli, moja juu, moja chini.

"Hapa. Halafu hapa, mbali na mwenzake. Usiuharakishe mti."

Nikapiga wa kwanza, nikapiga wa pili. Boriti haikupasuka zaidi.