Upinde Mgongo

Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapishaji, na kwa miaka ishirini na saba sijairuhusu koma ikae mahali pasipo pake. Vijana wa mashine wananiita Kalamu Nyekundu. Wanadhani wananikera, kumbe nalipenda jina hilo. Kila mfanyakazi mpya akija, humsimulia sahihisho langu la kwanza kabisa, nililolifanya nikiwa na miaka kumi na miwili, tena dhidi ya mkalimani wa mahakama.

Mkalimani huyo ni mjomba wangu. Baba alikuwa ametuletea kompyuta ya nyumbani ya zama zile, kibodi nene inayochomekwa kwenye televisheni, na kaseti moja ya mchezo wa ninja. Unaweka kaseti kwenye redio iliyounganishwa na kibodi hiyo, inapiga yowe dakika kumi mchezo ukiingia, na ikikubali anatokea mtu wa vijisanduku, kavaa nguo nyeusi, anaruka kuta na kufyeka watu. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza. Mjomba alikitafsiri chote, akakipiga chapa kwa mashine yake ya ofisini, kurasa kumi na moja bila kufuta hata mahali pamoja.

Mimi na dada tulifika hadi kwenye lango la ngome. Hapo alisimama mlinzi mnene, na mlinzi yule alituua. Alituua tukimrukia, alituua tukimtupia nyota za chuma, alituua tukimkimbia. Karatasi ya mjomba ilisema: "Ukifika mbele ya mlinzi upinde mgongo ndipo lango lifunguke." Nikaona kosa papo hapo: mjomba kasahau silabi. Nikachukua kalamu ya wino nikaongeza "ni", ikawa upinde mgongoni, yaani ninja awe amebeba upinde na mishale. Tukautafuta upinde huo mwaka mzima, kila chumba, kila paa, kila kisima, mpaka adapta ikaungua na mama akaitupia kompyuta stoo.

Nami si mtu wa kusahau. Siku mjomba alipostaafu, ukumbini, mbele ya mahakimu, makarani na mkewe, nilipewa nafasi niseme machache kwa niaba ya familia. Nikasimulia habari ya mkalimani aliyewatafsiria wezi na waungwana kwa miaka thelathini, halafu ikamshinda "ni" moja. Watu walivunjika mbavu. Mjomba alitabasamu, akakunja leso yake mara nne, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo tukikutana aliniitikia salamu tu, na kila nilipompelekea kitu cha kutafsiri alisema macho yamechoka. Nikasema huyu mzee ana kinyongo cha bure.

Jumamosi iliyopita dada alikuwa akisafisha stoo ya marehemu mama, akaikuta ile kompyuta pamoja na karatasi za mjomba, akanipigia simu nije upesi. Nikatafuta adapta nyingine, nikasafisha kwa spiriti kichwa cha redio kinachosoma kaseti, nikakaza skrubu yake kidogo kidogo, na mara ya tano kaseti ikakubali. Watu wawili wazima wenye miwani tukakaa chini kwenye zulia. Saa nane na nusu mchana tulikuwa langoni, tunauawa.

"Hebu nisomee, mjomba alisemaje?"

Dada akaisogeza karatasi dirishani. "Ukifika mbele ya mlinzi, upinde mgongo, ndipo lango lifunguke."

"Mgongoni."

"Hamna mgongoni hapa. Imeandikwa mgongo."

Wino wangu ulikuwa umepauka wote. Maandishi ya mashine yalikuwa meusi vilevile.

"Soma tena."

"Upinde mgongo, kaka! Uiname, kama unavyomwinamia mtu mzima ukimsalimia. We vipi?"

Nikavuta kijiti cha kuongozea chini, sikubonyeza kingine chochote. Ninja akainama. Mlinzi naye akainama, akasogea pembeni, na lango likafunguka. Huko ndani kulikuwa na bustani, daraja, minara, nusu nzima ya mchezo ambayo hatujawahi kuiona. Dada akapiga makofi. Mimi nikakiweka kijiti sakafuni.

Dada alipogeuka na kuniona uso, makofi yalikoma. Akaniwekea simu mkononi. "Mpigie."

"Nitampigia kesho."

"Mpigie sasa hivi, nakuangalia."

Iliita kwa muda mrefu kabla haijapokelewa.

"Shikamoo, mjomba. Ni mimi, mpwa wako."

"Marahaba."

"Mjomba, ile karatasi ya ninja. Uliandika sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

"Najua," akasema.

Nilitegemea lolote lakini si hilo. "Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Ya kwangu sikuzoea kuyatetea."

"Nisamehe, mjomba. Nilikuvunjia heshima mbele za watu, na nikaendelea kuisimulia habari hiyo kila mahali." Sikujali kwamba dada anasikia.

"Nimekusamehe, mwanangu." Nikasikia akivuta kiti, akakaa, akapumua. "Ila wale waliocheka ukumbini, wengi wao tumeshawazika. Wameondoka wakijua mimi sijui kuandika. Hao utawasahihishia wapi?"